Kikundi chetu cha kuchora kimebaki na pilau tu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga. Nina miaka 46, ni mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mama wa watoto wawili ambao sasa wako vyuoni. Jambo langu si la ndoa wala la mirathi, na nilisita kulileta kwako kwa sababu wengi wanaokuandikia wana shida za kweli za kuliza mtu. Lakini juzi nilijikuta nimekaa jikoni nalia kwa ajili ya penseli, ndipo nikaona niandike.

Mwaka 2015 nilijiunga na kikundi cha kuchora hapa mjini. Hatukuwa wasanii wa kuishi kwa kazi hiyo. Tulikuwa watu kumi na tisa: walimu, muuguzi mmoja, fundi cherehani, dereva wa lori, mama muuza vitumbua, vijana wawili wa sekondari, na mzee wetu mwanzilishi ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mchora ramani. Ada ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kila Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulikutana mahali mzee alipopachagua. Wiki hii bustani ya Uhuru, wiki ijayo Raskazone tukitazama kisiwa cha Toteni, nyingine Ngamiani tukichora vibaraza na baiskeli zilizoegemezwa ukutani. Watu walichora mpaka saa tatu na nusu. Halafu tunatandika mkeka, kila mtu anaweka karatasi yake, tunazunguka tukitazama, mzee anasema maneno mawili matatu, kisha chai ya tangawizi na vitumbua vya yule mama, tunaagana.

Shangazi, sijui nikueleze vipi muda ule ulinifanyia nini. Wiki nzima nasema, nasahihisha, napaza sauti mbele ya watoto waliobanana madawatini. Jumamosi nilikuwa nakaa kimya natazama mtumbwi mmoja mpaka najua kamba yake imefungwa namna gani.

Mwaka 2019 mume wangu alifariki. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, sitoki. Jumamosi ya tatu nikasikia hodi. Wanawake wa kikundi, wote saba, na vigoda vyao na karatasi zao. Mama wa vitumbua akasema, "Wewe hutoki, lakini hakuna aliyesema penseli isiingie." Wakakaa uani, wakachora mlimau wangu, masufuria niliyoyafudikiza juu ya kichanja, na paka. Wanaume walikaa nje barazani na kaka zangu, wakachora mtaa. Walikuja hivyo Jumamosi zote mpaka nilipotoka. Mchoro wangu wa kwanza baada ya msiba ulikuwa wa ndoo. Ninao mpaka leo.

Kwa hiyo unielewe vizuri. Hawa watu wamenizikia mume.

Mambo yalianza kubadilika, nadhani, baada ya maonyesho yetu ya mwaka 2022. Tulikodi ukumbi tukatundika picha 41. Ziliuzwa mbili tu, zote za kijana mmoja mwenye kipaji hasa. Mama wa vitumbua alikuwa ametundika nne. Mgeni mmoja alisimama mbele ya mojawapo akauliza kwa sauti kama hapo ndipo sehemu ya chekechea. Watu walicheka. Baada ya hapo mzee wetu akaanza kuumwa miguu, hatukuweza tena kwenda mbali, tukaanza kukutana majumbani kwa zamu.

Siku hizi tuko thelathini na wanne. Tunafika kwa mwenye zamu saa nne. Kwanza dua, kisha taarifa za wagonjwa, kisha michango: harusi, arobaini, kipaimara, aliyejifungua, aliyelazwa. Kisha pilau, kachumbari na juisi ya ukwaju, na kila mwenye zamu anajitahidi asipitwe na aliyemtangulia. Kisha picha za simu tukiwa na sare. Tuna sare tatu. Kuchora kunaanza saa saba, kama kunaanza, na wanaochora ni watano. Wengine utasikia, "Leo nimesahau penseli."

Mwaka jana tulikwenda Lushoto siku mbili. Safari ilipangwa miezi minne. Ndani ya basi kulikuwa na spika mbili, masufuria, ndoo za nyama iliyokwisha kuchemshwa na sare mpya. Tulifika Irente, pale unaposimama ukingoni ukaona bonde lote liko chini ya miguu yako. Nikatoa daftari langu. Nimechora labda dakika kumi, mwenyekiti akaniita, "Mwalimu, acha kujitenga, njoo kwenye picha." Nikaenda. Tulirudi Tanga na mamia ya picha za simu na mchoro mmoja ambao haujakwisha.

Sasa kuna hili la fedha. Mimi ndiye mweka hazina. Tuna shilingi 680,000, karibu zote ni ada za miaka hiyo. Jumamosi baada ya ijayo tunapiga kura. Kamati inataka ziende kwenye sare ya nne, ya harusi ya binti wa mwenyekiti. Mimi nilitaka tununue karatasi nzito za rangi ya maji, brashi za maana, na tuwe tunawalipa watu wakae tuwachore, mvuvi, msuka mikeka, mfinyanzi wa vyungu. Nilipoandika hivyo kwenye grupu la WhatsApp nilijibiwa kwa vikatuni vya kucheka, na mmoja akaandika, "Mwalimu anataka kutupa mtihani."

Dada yangu ananiambia niondoke. Kijana mwenye kipaji ameshaondoka, na ananiita tuanzishe kikundi kingine cha watu wanaochora kweli. Moyo unataka. Lakini nikikutana na mama wa vitumbua sokoni nitamtazama usoni kwa macho gani? Hawa si wachoraji tena, lakini ni ndugu zangu. Nifanyeje, Shangazi?

Mwenye Mchoro wa Ndoo, Tanga


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mume, hata kama miaka imepita.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu nikapigia mstari maneno mawili tu. Hayakuwa ya pilau, wala ya Lushoto, ingawa hapo Irente ulinichoma moyo. Ni haya: "Watu walicheka." Umeyaandika halafu ukayapita mbio, ukaniambia kikundi kilihamia majumbani kwa sababu ya miguu ya mzee. Miguu ya mzee naiamini. Lakini mzee akiumwa miguu, watu huchora karibu na nyumbani kwake. Hawaachi kuchora.

Wewe ni mwalimu. Mtoto anayekuambia kila siku, "Mwalimu, nimesahau daftari," unajua ana nini. Daftari liko ndani ya begi. Hataki ulifungue. Sasa una watu wazima ishirini na tisa wanaosahau penseli Jumamosi moja baada ya nyingine, na hakuna hata mmoja anayesahau sare. Mpishi wa pilau hajawahi kuulizwa kama hapo ni chekechea. Anayetoa mchango wa arobaini anaombewa dua. Lakini anayeweka karatasi yake juu ya mkeka anaweka macho yake, mkono wake na kutoweza kwake, vyote kwa pamoja, na ninyi mliviweka ukutani ukumbini mbele ya watu wasiowajua, mkavipa na bei. Mbili zikauzwa. Maana yake thelathini na tisa zilirudi nyumbani. Umewahi kufikiri zile thelathini na tisa zilirudi vipi? Kwenye bodaboda, zimefungwa kwa kanga, mwenyewe anaulizwa mtaani, "Vipi, hazikununuliwa?" Mimi ningekuwa mmoja wao, nami ningependa pilau.

Kwa hiyo siamini kwamba undugu wenu ndio uliokula uchoraji. Nadhani uchoraji uliumia, watu wakakimbilia upande wa kikundi ambao hauumi.

Lakini iko sehemu ambayo una haki kabisa, na nataka nikupe maneno ya kuisemea, kwa sababu naona umekuwa ukiisema kama malalamiko. Mimi nimekulia katika nyumba ya wanawake wasuka ukili. Bibi yangu na shoga zake walikaa mkekani tangu alasiri mpaka magharibi, midomo haifungi, habari za mji mzima zinapita pale, na ukili unarefuka. Hakuna aliyewahi kuomba kimya, kwa sababu ukili unajulikana na vidole. Macho na ulimi viko huru kwenda vinakotaka. Kuchora si hivyo. Mkono unafuata macho, na macho yakigeuka kumtazama anayezungumza, mtumbwi umekupotea. Ndiyo maana kikundi cha kusuka, hata cha kudarizi kofia, kinaweza kuchanganya kazi na soga siku nzima, lakini kikundi cha kuchora kinahitaji kutenga muda wake. Usiwaambie, "Mnapiga soga sana." Waambie jambo la kazi: kuchora kunataka saa moja ya kimya, na saa hiyo iwe ya kwanza. Mtu akishakula pilau hachori. Analala. Rudisheni saa moja na nusu asubuhi, hata kama ni uani kwa mwenye zamu, simu zote ndani ya kikapu kimoja, na dua na michango vije baada ya hapo. Mwenye zamu naye atapumua, maana sasa hivi mpishi hawezi kuchora hata akitaka. Yuko jikoni tangu alfajiri. Hilo hukuniambia, lakini hesabu ni rahisi: kila Jumamosi mnamtoa mtu mmoja kwenye kuchora ili wengine wale. Vitumbua na chai vilikuwa na sababu yake.

Na mkeka wa kuonyeshana, usiurudishe upesi. Miezi ya mwanzo mchore, mfunge madaftari, muende. Kisha chora michoro ya dakika tatu tatu, ile ambayo hakuna binadamu anayeweza kuipatia, ili kila mtu akosee sawasawa, mzee mchora ramani pamoja na mama wa vitumbua. Mkija kuweka karatasi mkekani, ziwekeni bila majina, na kanuni iwe moja: anayesema aseme alichokiona. "Naona kamba imelegea." "Naona huyu alianza na paa." Maneno mazuri na mabaya yakae kwanza. Mzee wenu alikuwa akisema maneno mawili matatu tu, umeniandikia mwenyewe, na nadhani ndiyo maana mlidumu miaka ile yote.

Sasa harusi na zile 680,000. Kabla ya siku ya kura, fungua katiba ya kikundi usome kifungu cha malengo. Kama mmesajiliwa, iwe BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, au halmashauri, hapana shaka mnayo katiba, na kama hamjasajiliwa basi kuna karatasi mliyotia sahihi siku ya kwanza. Ada iliyotolewa kwa ajili ya kuchora ni amana ya kuchora. Wewe ni mweka hazina, kulisema hilo ni wajibu wako, na ulisemee kikaoni ana kwa ana. Kwenye WhatsApp ulikosea. Jambo la fedha na heshima ukiliweka pale, kila mtu anajibu kwa kidole huku anakaanga samaki. Mwendee mwenyekiti nyumbani kwake kwanza, peke yako, kwa sababu ni mzazi anayeoza binti, na ukimpinga mbele ya watu thelathini na watatu atasikia umeipinga harusi. Mpendekezee mifuko miwili: mfuko wa kufaana, wa misiba, harusi na wagonjwa, na mfuko wa kuchora, kila mmoja na daftari lake la hesabu. Huo wa kufaana usiudharau. Ndio uliokuja kwako na vigoda saba.

Na kwa harusi yenyewe nina wazo. Unajua klabu ya taarabu ya Zanzibar, Akhwan Safaa? Ilianzishwa mwaka 1905 na bado ipo. Nayo ni klabu ya watu waliokutana kwa mapenzi ya sanaa, na harusi ni sehemu ya maisha yake. Tofauti yake na ninyi ni kwamba wakialikwa harusini wanakwenda na ala zao za muziki: udi, fidla na kanuni. Sanaa yao ndiyo inayokwenda harusini. Ninyi mnakwenda harusini na kitambaa. Mwambie mwenyekiti kwamba kikundi kitamchorea binti yake harusi. Kila mwanachama karatasi moja: wapishi na masufuria yao uani, mikono inayopakwa hina, viatu mlangoni, wazee barazani wanasubiri, majamvi yanatandikwa, mtoto amelala kwenye lundo la kanga. Wanawake wachore upande wa wanawake, wanaume upande wao. Ombeni ruhusa kwa wenye nyumba, na wasiopenda sura zao zichorwe waheshimiwe. Harusi ina vitu vya kuchora visivyo na uso, hata siku saba hamvimalizi. Kisha fundi cherehani wenu azishone zile karatasi ziwe kitabu, apewe bwana na bibi harusi. Sare baada ya miaka mitatu ni dekio. Kitabu kile wajukuu watakifungua. Na tazama: katika zawadi ya namna hiyo hakuna bei, hakuna ukuta, hakuna mgeni wa kuuliza chekechea. Hata mwenye mkono mzito atachora viatu.

Karatasi za kazi hiyo zinunueni kwa fedha za kuchora. Ni halali kabisa.

Nije kwa kijana wako. Ana haki ya kuondoka. Mwenye kipaji na umri wake anahitaji watu wa kumsukuma, na inawezekana hapo kwenu hawapo. Ukitaka kuchora naye, chora naye, weka hata Jumatano jioni ukishatoka shule. Hakuna ndoa kati ya mtu na kikundi kimoja. Ila maneno aliyokupa, "watu wanaochora kweli", na yale ya kwako, "hawa si wachoraji tena", siwezi kuyaacha yapite.

Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, ambaye kabla ya kufika Dar es Salaam alipita kwenu huko huko Tanga kwenye mashamba ya mkonge, alianza kuchora mwaka 1968 bila kukanyaga chuo cha sanaa. Alichora kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi. Chui wa macho makubwa, ndege wa madoadoa, mnyama mmoja amejaa ubao mzima. Ungedhani maneno ya yule mgeni wenu wa ukumbini yangemfaa nani, kama si yeye? Alichora miaka minne tu, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mwingine. Na kazi haikufa, kwa sababu alikuwa amezungukwa na jamaa zake na watu wa kwao, akina Simon Mpata, Ajaba Mtalia, January Linda, waliojifunza kwa kukaa kando yake. Wakaendelea, wengine wakawafuata, na mwaka 1990 ukasajiliwa ushirika unaobeba jina lake. Wao walichora ili wale, ninyi hamchori kwa njaa, nalijua hilo. Ninachokuonyesha ni kwamba mtindo wa picha unaojulikana dunia nzima kuwa ni wa Tanzania umekuzwa na binamu na majirani waliokaa kigoda kwa kigoda, wakizikana na kuozana kama ninyi. Undugu ulikuwa mkono wa pili wa brashi.

Na kwako pia ulikuwa. Rudi kwenye zile Jumamosi za eda. Katika barua yako yote hakuna mahali ulipoandika vizuri kama pale, na sidhani ni kwa bahati. Siku zile hakukuwa na upande wa kufaana na upande wa kuchora. Kukupa pole kulikuwa ni kuuchora mlimau wako. Hawakuja na khanga za sare wala hawakusubiri pilau, walikuja na penseli kwa sababu walikujua. Watu waliofanya hivyo mara moja wanajua njia ya kurudi. Usiwafundishe kama darasa la tatu. Hiyo kejeli ya mtihani iliuma kwa kuwa ina chembe ya ukweli: umekuwa ukiwatazama Jumamosi hizi zote kwa jicho la kusahihisha, ukanung'unika kwa dada yako, na kikaoni ukanyamaza. Tangu Lushoto mpaka leo ulimwambia nani, uso kwa uso, kwamba mchoro wako haukwisha na uliumia? Mwambie mwenyekiti siku utakayokwenda kwake. Mchukulie na daftari lenyewe umfungulie ukurasa ule.

Kura ukishindwa, usijiuzulu siku hiyo hiyo. Kaa mpaka harusi ipite. Chora harusini hata kama uko peke yako na wale wanne. Nina hakika watu watakuja kuchungulia begani kwako, na mmoja atakuomba karatasi. Ikipita miezi sita na saa ile ya asubuhi haijarudi, hapo gawa: ubaki kwenye mfuko wa kufaana na ulipe michango yako kama kawaida, na uchore kwingine. Hutakuwa umemkosea mtu.

Lakini kuna jambo la kabla ya yote hayo. Jumamosi hii, ile inayotangulia kura, mnakutana saa nne, kwa hiyo alfajiri yako ni tupu. Nenda kwa mama wa vitumbua wakati anapochoma. Chukua kigoda chako na penseli mbili. Mwombe ruhusa umchore akiwa kazini, kile chuma cha vitumbua chenye mashimo, moshi, mkono wake unavyogeuza kwa kijiti. Usimwombe achore, wala usimtajie kikundi. Hiyo penseli ya pili iweke tu mahali mkono wake utafika akishamaliza. Ukimaliza mchoro, hata ukiwa mbaya, mpe.

Kisha mpe pole kwa siku ile ya ukumbini. Hukuniambia kama nawe ulikuwa miongoni mwa waliocheka, na sikuulizi. Lakini nimeipekua barua yako tangu juu mpaka chini, na sikuona mahali ambapo mtu alimpa pole.

Shangazi